Nyati Aliyejeruhiwa Hufuatwa. Oili ya Lori Nani Anaifuata?



Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ina sharti moja ambalo wengi wetu hatulijui kwa sababu hatumiliki bunduki. Mwindaji akimpiga mnyama risasi na mnyama akakimbia na jeraha, mwindaji haruhusiwi kugeuza gari na kurudi kambini kula nyama choma. Anatakiwa afanye kila linalowezekana kumfuata na kummaliza. Afuate damu, afuate majani yaliyolala, hata jua likizama kesho aanzie pale alipoishia. Sababu inaeleweka. Nyati mwenye jeraha ni hatari kwa kila atakayepita pale: mchungaji, mama anayeokota kuni, mtoto anayetoka shule. Aliyemjeruhi ndiye mwenye jukumu la kumaliza alichokianza.

Mimi naikubali kanuni hiyo kwa asilimia mia. Swali langu ni kwa nini inaishia porini. Mwindaji huyohuyo akirudi Dar, akavua kofia ya kuwindia na kukaa kwenye kiti chake cha tajiri wa malori, lori lake linatoa lita 40 za oili chafu pale Gongo la Mboto na hakuna mtu anayemwambia afuate chochote. Oili nayo inakimbia. Inakimbilia ardhini, mtaroni, kisimani. Na njiani inajeruhi watu ambao hawajawahi hata kupanda hilo lori.

Hoja yangu yote ni hiyo: mwenye lori awe mwenye oili, mpaka mwisho wake. Mengine yote nitakayoandika hapa ni maelezo.

Tajiri wetu ni nani

Tuelewane mapema ili mtu asije kusema Bavicha wanachukia matajiri. Anayeishi kando ya Barabara ya Nyerere anajua malori ni maisha yetu. Yapo malori ya mchanga yanayoteremka kutoka upande wa Pugu na Kisarawe. Zipo semi zinazolala yadi zikisubiri mzigo wa bandari. Nyuma ya kila lori kuna dereva, utingo, fundi, muuza tairi, mama lishe. Mwenye malori akifunga biashara, nusu ya mtaa inalala njaa. Sina ugomvi na biashara yake.

Sina ugomvi pia na burudani yake. Wapo wenye malori wanaopenda kuwinda. Mwaka fulani nilimsindikiza mjomba wangu kwenda kudai mshahara wake wa udereva kwenye kampuni moja ya usafirishaji. Tukakaa kwenye benchi saa tatu chini ya pembe za pofu zilizotundikwa ukutani, na pembeni yake picha ya bosi kapiga goti karibu na nyati, bunduki mapajani. Mjomba alilipwa nusu. Lakini kuwinda kwa kibali siyo kosa. Mtanzania anaruhusiwa kuomba leseni ya uwindaji wa wenyeji, na pale kwenye pembe za pofu mimi nilichokiona ni karatasi.

Ndiyo, karatasi. Ili pembe ile ifike ukutani kihalali, tajiri alitakiwa awe na leseni inayotaja mnyama gani, wangapi, eneo lipi, na mwisho lini. Bunduki yake ina leseni yake. Risasi aina ile ndiyo inaruhusiwa, aina hii hairuhusiwi. Asipige akiwa ndani ya gari. Asipige jike mwenye mtoto. Akishapiga, kuna kuandika kwenye leseni na kuna kutoa taarifa. Nyara isiyo na karatasi ni mali ya Serikali, na wewe uliyekutwa nayo ni mhalifu.

Kwa hiyo tajiri wetu siyo mtu asiyejua kufuata utaratibu. Anaujua vizuri. Ameuzoea. Anaweza kukuonyesha mnyama aliyempiga miaka kumi iliyopita alipatikana wapi. Muulize oili iliyotoka kwenye lori lake mwezi uliopita iko wapi, uone atakavyokuangalia.

Pipa moja kwa mwaka

Sasa tuhesabu kidogo. Injini ya semi ya kawaida inabeba oili kati ya lita 30 na 45, tuseme 40. Tufanye lori moja linatembea kilomita 80,000 kwa mwaka, na tajiri ni mtu mwangalifu, anabadilisha oili kila kilomita 16,000. Hizo ni sevisi tano. Tano mara 40 ni lita 200, yaani pipa moja kamili la chuma, kwa lori moja, kwa mwaka. Mwenye malori 50 ana mapipa 50. Na Gongo la Mboto, Pugu, Ukonga, mpaka Vingunguti, wenye malori hawahesabiki kwa vidole.

EPA, shirika la Serikali ya Marekani linalosimamia mazingira, limekuwa likieleza kwa miaka mingi kwamba oili ya sevisi moja ya gari dogo, ikimwagwa ovyo, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Hiyo ni gari dogo lenye lita nne au tano. Lori ni mara nane mpaka kumi.

Na oili ikishatumika siyo ile iliyotoka dukani. Imeshabeba vumbi la vyuma vilivyosagika ndani ya injini, imeshabeba masizi na mabaki ya dizeli iliyoungua. Humo mna zinki, mna risasi (siyo ya bunduki, ile metali), mna jamii ya kemikali zinazotokana na kuungua, mojawapo ikiwa benzopireni, ambayo IARC, taasisi ya saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeiweka kundi la kwanza: inasababisha saratani kwa binadamu, hakuna mjadala.

Nani anaishika? Dogo wa miaka 17 pale gereji, kifua wazi, ndala miguuni. Analala chini ya lori, anafungua nati ya sampu, oili ya moto inamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Nilimuuliza mmoja, mtoto wa jirani yetu, kwa nini havai glavu. Akacheka: "Dada, glavu za nani?" Mikono anaosha kwa petroli na sabuni ya unga. Mshahara wake hana. Malipo yake ni ile oili yenyewe. Bosi wa lori anamwachia, dogo anaijaza kwenye madumu ya lita 20 na kuiuza, na inayobaki chini inafukiwa kwa mchanga.

Hapo ndipo pameniuma. Tajiri anamlipa mtoto kwa sumu na anajiona kamsaidia.

Kutumia tena siyo dhambi

Najua mtu atasema: "Dada, oili chafu haitupwi, inatumika tena, acha watu waishi." Ni kweli inatumika tena. Mtaani kwetu kila mtu ana matumizi yake. Fundi ujenzi anapaka mbao za zege ili zege isishike. Fundi seremala anapaka mbao za kenchi ili mchwa wasile. Wengine wanamwaga njiani kutuliza vumbi. Wengine wanampaka mbwa mwenye ukurutu. Wapo wanaoichuja kwa kitambaa na kuichanganya kwenye dizeli, injini ya zamani ikavumilia na injini ya kisasa ikaua noseli zote. Na wapo wale wabaya kabisa wanaoichuja, wanaipakia kwenye chupa za kampuni kubwa na kumuuzia mwenye bodaboda kama oili mpya.

Matumizi haya hayalingani. Fundi seremala anayepaka kenchi anatafuta dawa ya mchwa ya bei nafuu kwa mwenye nyumba maskini. Simlaumu, ila naye ana haki ya kujua anachokishika. Anayepakia kwenye chupa ni mwizi. Anayechanganya kwenye dizeli anapunguza gharama zake na kutuachia sisi moshi, na mtoto wa darasa la pili aliyesimama kituoni ndiye anayeuvuta.

Ipo njia nyingine ya kutumia tena, na ndiyo inayotakiwa. Oili haichakai, inachafuka. Kiwandani inaweza kusafishwa upya ikawa oili tena, na ikatumika, na ikasafishwa tena. EPA haohao wanasema galoni moja ya oili chafu inatoa oili safi sawa na ile inayopatikana kwenye galoni 42 za mafuta ghafi. Isiposafishwa, inaweza kuchomwa kwenye tanuru la saruji ambako joto linapita nyuzi 1,400, siyo kwenye jiko la mkaa la mtu. Kwa maneno mengine, hicho kinachofukiwa kwa mchanga pale gereji ni mali. Sisi nchi tunaagiza oili kwa dola, halafu tunaimwaga kwenye Msimbazi.

Na Msimbazi unaanzia huku kwetu, milima ya Pugu. Unashuka, unakatiza mitaa, unakusanya kila tunachomwaga, unapita bonde ambalo mama zetu wanalima mchicha na matembele yanayouzwa masoko yote ya jiji. Mwaka 1999 watafiti wawili, Bahemuka na Mubofu, walichapisha matokeo yao kuhusu mboga za kando ya mito ya Sinza na Msimbazi: walikuta metali nzito ndani ya mboga tunazokula. Sisemi ni oili ya malori peke yake. Viwanda vipo, maji taka yapo. Lakini miaka yote hii imepita tangu tuambiwe, na pipa bado liko palepale chini ya mwembe wa gereji.

Serikali inaweza, ikitaka

Hapa wataleta utetezi wao wa kawaida: malori ni mengi, gereji ziko uchochoroni, maafisa hawatoshi, haiwezekani kufuatilia kila lita.

Haiwezekani? Mnakumbuka uchakachuaji? Watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Serikali ikaona inapoteza mapato. Mwaka 2010 EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kusiwe na faida ya kuchanganya. Leo afisa akifika sheli anachukua sampuli kidogo tu, anaipima, anajua kama mafuta yale yamelipiwa kodi au la. Mwenye sheli anafungiwa kituo chake.

Kwa hiyo nchi hii ina uwezo wa kufuatilia mafuta kutoka melini mpaka kwenye tangi la lori la mchanga la Chanika. Dizeli ikiwa safi inafuatwa kama nyati. Ikishapita kwenye injini na oili ikatoka nyeusi, macho yanafumbwa. Tofauti ni nini? Kwenye dizeli kuna kodi. Kwenye oili chafu kuna maini na figo za watu wa Gongo la Mboto, na hivyo havina stempu ya TRA.

Hata sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura ya 191, kifungu cha 4 kinasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 7 kinaweka kanuni kwamba anayechafua ndiye alipe. Kifungu cha 110 kinakataza kumwaga vitu hatarishi na kinaitaja oili kwa jina lake, na aliyemwaga anatakiwa abebe gharama ya kuiondoa. NEMC wana ofisi, wana magari, wana wakaguzi. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mwenye lori swali ambalo afisa wanyamapori anamuuliza kila siku: iko wapi?

Sheria inapiga chini

Sasa tuangalie sheria inapokuwa na meno, inamng'ata nani.

Ingia mtandao wa TanzLII unaohifadhi hukumu, tafuta kesi za nyumbu. Utakutana na vijana wa vijiji vinavyozunguka Serengeti. Kakutwa na panga, waya wa kutegea na vipande viwili vya nyama kavu. Hesabu haifanywi kwa vipande, inafanywa kwa mnyama mzima: nyumbu mmoja, dola 650. Kukutwa na nyara ya Serikali bila kibali, kifungu cha 86, kikisomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi: miaka 20. Kijana wa umri wangu anaingia gerezani leo, anatoka akiwa na mvi, kwa mguu wa nyumbu.

Wakati huohuo, Mei 2014, Mchungaji Peter Msigwa, aliyekuwa waziri kivuli wetu wa maliasili kabla hajahamia ng'ambo ile, alilipeleka bungeni suala la video iliyoonyesha wageni wa kampuni ya Green Mile wakiwakimbiza wanyama kwa gari na kupiga risasi wakiwa ndani ya gari. Serikali ikaona aibu. Julai mwaka huo Waziri Lazaro Nyalandu akawafutia leseni. Mwaka 2016, chini ya waziri mwingine, wakarudishiwa. Waya wa kutegea ni miaka 20. Gari la kampuni ni miaka miwili ya mapumziko.

Loliondo mnaijua. Kampuni ya OBC kutoka Falme za Kiarabu inawinda huko kwa makubaliano yaliyoanzia 1992. Juni 2022 Serikali ikapeleka vikosi kuweka vigingi vya mpaka kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500, wafugaji wakaondolewa, wengine wakavuka Kenya na majeraha. Serikali ikasema ni uhifadhi. Sawa. Basi kumbe mkitaka mnaweza kupima kilomita 1,500 za mraba, kigingi kwa kigingi, na polisi juu. Mita kumi za gereji ya Gongo la Mboto zimewashinda?

Na siku wakiamua kufanya operesheni mjini, tunajua itakavyokuwa. Watakuja na kamera za televisheni. Watamkuta dogo na dumu lake. Watamkuta fundi ambaye amepanga eneo. Faini watapigwa hao, gereji itavunjwa. Lori lenyewe lililotoa oili liko Tunduma linasubiri kuvuka mpaka, na bosi yuko porini anamfuata nyati wake kwa uaminifu mkubwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mchuma janga anakula na wa kwetu.

Tunachodai

Upinzani wa kulalamika tu hauna maana. Kwa hiyo nayaweka mambo manne mezani, tuyajadili kwenye matawi.

Kwanza, lori liwe na daftari la oili. Kila sevisi iandikwe: lita ngapi zimeingia, lita ngapi zimetoka, amepewa nani mwenye kibali cha kukusanya, na sahihi. Bila daftari hilo LATRA wasihuishe leseni ya kubeba mizigo. Hakuna jipya hapo, ni ileile karatasi ya mwindaji.

Pili, turudishe akili ya chupa ya soda. Mnakumbuka zamani ukinunua soda ya chupa unaacha hela ya chupa, ukirudisha chupa unarudishiwa hela? Hakuna mtu aliyetupa chupa, na ukiitupa wewe mtoto ataiokota. Oili mpya iuzwe na amana juu yake. Ukirudisha chafu unarudishiwa amana. Siku hiyo hakuna atakayemwaga oili, maana atakuwa anamwaga hela.

Tatu, dogo wa gereji awe mfanyakazi. Glavu, sabuni ya maana, sakafu ya zege yenye shimo la kukusanyia, na malipo ya fedha siyo ya dumu. Gharama hiyo iingie kwenye bei ya sevisi anayolipa mwenye lori.

Nne, halmashauri itangaze kila robo mwaka: gereji ngapi zimekaguliwa, lita ngapi zimekusanywa, zimepelekwa wapi. Ibandikwe kwenye ofisi ya mtaa kama wanavyobandika majina ya wadaiwa.

Wataambiana kwamba nauli na bei ya mchanga itapanda. Itapanda kidogo, sikatai. Lakini hata sasa gharama hiyo inalipwa. Analipa mama anayenunua maji ya dumu kwa sababu kisima chake kinanuka mafuta. Analipa mtu wa Ocean Road anayekaa foleni ya mionzi bila kujua kilichomfikisha pale. Sisi tunachosema ni kwamba bili ihamie kwa mwenye lori. Yeye anajua kupanga bei. Mama hajui.

Tabata waliweza

Kwa wale wanaosema watu wa uswahilini hawawezi kupambana na wakubwa, nawakumbusha Tabata. Miaka ya themanini Jiji lilikuwa linamwaga taka zake pale na kuzichoma, moshi usiku na mchana. Mwaka 1988 wakazi wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga, na Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi: mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua? Jiji likahamia Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Kunduchi nao, mamia kwa majina yao, wakaenda mahakamani mwaka 1991, na Mahakama ikasema kuhatarisha afya za watu kwa taka kunagusa haki ya kuishi iliyo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba.

Kesi hizo mbili tunazisoma darasani kama historia. Mimi nazisoma kama anwani. Maana mnajua taka za jiji hili, baada ya kufukuzwa Tabata, Kunduchi na kwingine, zimeishia wapi? Pugu Kinyamwezi. Kwetu. Kila mtaa uliosimama ulisukuma mzigo kwa mtaa uliokaa kimya, na sisi ndio tuliokaa.

Mwaka 2020 walibadilisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi ili anayefungua kesi ya Katiba aonyeshe yeye binafsi ameathirika vipi. Lengo lilikuwa kuwazuia wanasheria wanaharakati wanaosimama kwa niaba ya umma. Sawa. Lakini mtu wa Gongo la Mboto mwenye kisima chenye utando wa mafuta ameathirika yeye binafsi. Mlango huo haujamfungia. Na kifungu cha 5 cha Sheria ya Mazingira kinamruhusu kwenda mahakamani kudai haki yake ya kifungu cha 4. Mwenyekiti wetu Tundu Lissu, kabla ya siasa, alikuwa wakili wa mazingira kwenye LEAT. Hii siyo kazi ngeni kwenye chama hiki.

Msitegemee mwenyekiti wa mtaa atawasemea. Baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024 walitangaziana ushindi wa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa yote nchini. Mtu aliyepita bila kuhitaji kura yako hahitaji pia afya yako. Na Ukonga tuna somo letu: mbunge tuliyemchagua 2015 alihamia CCM Julai 2018 na kura zetu mfukoni. Kwa hiyo kazi ya ushahidi ni yetu wenyewe.

Ianze wiki hii. Kila tawi, vijana wawili. Nendeni gereji iliyo karibu, kwa adabu, msimtishe dogo, yeye ni wa kwetu. Ulizeni mambo matatu: oili ya leo imetoka kwenye lori la nani, ni lita ngapi, inaenda wapi. Andikeni tarehe na eneo. Pigeni picha ya shimo, msipige sura ya mtu. Kisima kikiwa karibu, pimeni hatua kutoka shimoni mpaka kisimani. Majina ya wenye malori msiyaweke mtandaoni, yawekeni kwenye daftari la tawi. Mitandaoni yatatupa kesi, kwenye barua kwa NEMC yatatupa ushahidi. Barua iende kwa mkono, mgongewe muhuri wa kupokelewa, nakala ibaki.

Ndani ya miezi michache tutakuwa na kitu ambacho Serikali yenyewe haina: ramani ya oili chafu ya Gongo la Mboto, lita kwa lita, lori kwa lori. Hapo ndipo tutamgongea tajiri mlango na kumwambia kwa heshima zote: mzee, umemjeruhi huyu, njoo umfuate.